Buluu ya Bendera na ya Kofia Huagizwa kwa Namba

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi, Rebero

KILIMA cha Rebero kipo kusini mwa jiji la Kigali, katika Wilaya ya Kicukiro. Askari anayeshika lindo juu yake asubuhi ya kiangazi, hewa ikiwa safi, huona jambo ambalo kila aliyepita katika chuo cha kijeshi alifundishwa kulitazama katika somo la ardhi. Vilima vya karibu ni vya kijani. Vinavyofuata vina kijani kilichofifia. Vya mbali kabisa ni vya buluu. Hata hivyo, migomba ya huko mbali ni ya kijani sawasawa na migomba ya Gatenga iliyo chini ya miguu yake. Kilichotofautiana ni wingi wa hewa iliyo katikati ya jicho na kilima.

Mwanafizikia Mwingereza aliyekuja kujulikana kwa jina la Lord Rayleigh alieleza sababu yake mwaka 1871. Chembe za hewa hutawanya mwanga wenye mawimbi mafupi, yaani wa buluu, kwa nguvu nyingi kuliko mwanga wenye mawimbi marefu, yaani mwekundu. Ndiyo sababu anga ni la buluu, na ndiyo sababu mpelelezi hodari huweza kukadiria umbali wa kilima kwa kutazama rangi yake kabla hajafungua ramani.

Buluu, basi, ni rangi inayobadilika kulingana na kilicho katikati. Hayo ya vilima hayana madhara. Lakini ipo buluu ambayo taifa limeikabidhi kazi: buluu ya bendera, ya beji, ya sare ya polisi, ya kofia ya mlinzi wa amani. Buluu hiyo haina ruhusa ya kubadilika ovyo, kwa kuwa watu huitazama ili wajue ni nani aliye mbele yao. Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa jinsi gani rangi hiyo hupotea njiani baina ya kompyuta na karatasi, ni kwa jinsi gani hulindwa, na ni kwa nini jambo hili linamhusu askari kuliko linavyomhusu mchoraji.

JINA MOJA, RANGI NYINGI

Lugha zetu hazikuwa na haraka ya kuipa buluu jina lake yenyewe. Kiswahili kina kijani, kinachotokana na jani. Kina samawati, neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya rangi ya mbingu. Kina nili, ambayo ni rangi ya kutia nguo iliyopatikana kwenye mmea, na watu wa pwani walivaa kaniki iliyokolea hata ikakaribia weusi. Neno buluu lenyewe ni la kuazimwa, kama lilivyoazimwa neno ubururu katika Kinyarwanda.

Matokeo yake ni kwamba neno moja limebebeshwa mzigo wa rangi nyingi. Mwambie fundi cherehani akushonee kitambaa cha buluu, naye atafikiri sare za wanafunzi. Mwambie mvuvi wa Ziwa Kivu, atafikiri maji ya kina kirefu. Mwambie polisi, atafikiri sare yake. Wote watatu wana haki, na wote watatu wataleta vitambaa visivyolingana.

Tazameni bendera za jirani zetu. Bendera ya Tanzania ina buluu tangu mwaka 1964. Bendera ya Somalia, iliyobuniwa na Mohammed Awale Liban na kupokewa tarehe 12 Oktoba 1954, ni ya buluu nyepesi yenye nyota nyeupe, na iliathiriwa na bendera ya Umoja wa Mataifa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa na bendera nyingine ya buluu hadi mwaka 2006, ndipo Katiba yake mpya ikaweka buluu ya anga. Mtu akiziita zote "bendera za buluu" hajasema uongo. Lakini raia wa Kongo aliyeona bendera ya mwaka 2005 na ya mwaka 2007 anajua kwamba ni bendera mbili tofauti.

BENDERA YETU

Bendera ya Rwanda inayopepea leo ilipokewa tarehe 25 Oktoba 2001. Aliyeibuni ni Alphonse Kirimobenyo. Ilichukua nafasi ya bendera ya zamani yenye nyekundu, manjano na kijani pamoja na herufi R katikati. Katiba ya mwaka 2003 iliieleza kwa utaratibu kuanzia chini kwenda juu: ukanda wa kijani, kisha ukanda wa manjano, na hizo mbili kwa pamoja zikichukua nusu ya bendera, kisha nusu yote ya juu ikawa buluu, na upande wa kulia wa buluu hiyo likawekwa jua lenye miali ya manjano ya dhahabu. Baina ya duara la jua na miali yake pana pete ya buluu.

Hivyo buluu ndiyo iliyopewa eneo kubwa kuliko rangi zote. Maana yake ni furaha na amani. Kijani ni tumaini la ustawi, manjano ni maendeleo ya uchumi, na jua ni nuru inayowaangazia watu wote.

Katiba huzitaja rangi kwa majina, na hivyo ndivyo inavyopasa, kwani katiba ni sheria kuu wala haikuandikwa iwe kitabu cha mpiga chapa. Lakini mtu anayetia wino kwenye mtambo, au anayechovya kitambaa katika pipa la rangi, hawezi kufanya kazi kwa jina peke yake. Anahitaji kipimo. Hapo ndipo elimu ya rangi inapoanza.

SKRINI HUWASHA, KARATASI HUNYONYA

Ndani ya jicho la binadamu mna aina tatu za chembe hai zinazopokea rangi. Moja huitikia zaidi mawimbi marefu ya mwanga, nyingine ya wastani, nyingine mafupi. Rangi zote tunazoziona ni hesabu inayofanywa na ubongo kutokana na taarifa za walinzi hao watatu. James Clerk Maxwell, mwanasayansi wa Scotland, alilionyesha jambo hilo mbele ya watu mwaka 1861: alirusha ukutani picha tatu za utepe mmoja, moja kupitia kioo chekundu, ya pili kupitia cha kijani, ya tatu kupitia cha buluu, nazo zilipokutana zikatoa picha ya rangi.

Simu na kompyuta hufuata njia hiyo hiyo. Skrini haina wino. Ina vitaa vidogo mno vya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila kimoja huamriwa kwa namba kuanzia 0, maana yake kimezimwa, hadi 255, maana yake kimewashwa kwa nguvu zake zote. Vyote vitatu vikiwa 0 tunaona weusi. Vyote vikiwa 255 tunaona weupe. Ngazi 256 za rangi ya kwanza, mara 256 za pili, mara 256 za tatu, zinatoa rangi 16,777,216. Njia hii hujenga rangi kwa kuongeza mwanga juu ya giza.

Inafaa kukumbuka kwamba katika vitaa hivyo, buluu ndiyo iliyochelewa kupatikana. Vitaa imara vya rangi nyekundu na kijani vilitangulia kwa miongo. Cha buluu kilichong'aa vya kutosha kilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wajapani watatu waliokifanikisha, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Tochi nyeupe ndogo anazochukua askari leo zimetokana na kazi yao, kwa kuwa mwanga mweupe wa tochi hizo huanza na kitaa cha buluu.

Karatasi hufanya kinyume cha skrini. Haiwashi kitu. Hungoja mwanga wa jua au wa taa uiangukie, nao wino hunyonya sehemu ya mwanga huo na kuirudisha iliyobaki kwenye jicho. Kwa hiyo mpiga chapa hutumia wino za aina nyingine: sayani, ambayo ni buluu iliyoelekea kijani na hunyonya wekundu, majenta, ambayo ni wekundu ulioelekea waridi na hunyonya kijani, na manjano, ambayo hunyonya buluu. Kwa nadharia tatu hizo zingetosha, lakini zikichanganywa zote hutoa rangi ya matope badala ya weusi, na hivyo huongezwa wino mweusi. Mwenye lenzi ya kusomea ramani aiweke juu ya picha yoyote ya rangi gazetini. Ataona nukta za wino nne zilizopangwa kama gwaride.

Sasa itazameni buluu katika mfumo huo. Mpiga chapa hana wino wa buluu. Anaijenga kwa sayani na majenta. Majenta ikizidi kidogo, buluu inageuka kuwa zambarau. Hilo ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote: bendera iliyokuwa na anga safi kwenye simu ya karani hutoka katika mtambo ikiwa na rangi ya ua la jakaranda. Wapiga chapa wazoefu hujilinda kwa kuhakikisha majenta inabaki nyuma ya sayani kwa asilimia 30 hivi.

Lipo tatizo la pili. Zipo buluu zinazowezekana kwenye skrini tu. Buluu kamili ya kompyuta, yaani nyekundu 0, kijani 0, buluu 255, haiwezi kupatikana kwa wino nne hata mtambo ukiwa mpya na fundi akiwa bingwa. Programu hulazimika kuisogeza hadi kwenye rangi ya karibu iliyo ndani ya uwezo wa wino. Aliyeidhinisha kazi kwa kutazama simu yake ameidhinisha kitu ambacho karatasi haina uwezo wa kukitoa.

La tatu ni karatasi yenyewe. Karatasi ya gazeti si nyeupe. Ina umanjano na ukijivu. Tena hunywa wino, nukta hutanuka, na rangi hupoteza mng'ao. Namba zile zile za wino zikichapwa kwenye karatasi laini ya kalenda na kwenye karatasi ya gazeti hutoa buluu mbili.

La nne ni jua. Wino wa sayani hutengenezwa zaidi kwa rangi iitwayo fithalosayanini, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1935 kwa jina la Monastral. Ni rangi sugu inayostahimili jua, ilhali majenta na manjano huchoka mapema. Ndiyo maana bango la zamani lililobandikwa ukutani penye jua hubaki na nyuso za watu za kibuluu: wenzake wamekufa, sayani imebaki kwenye lindo peke yake.

KIPIMO CHA KIMATAIFA

Kama vile mizinga haiwezi kulenga bila vipimo vinavyokubaliwa na wote, rangi nayo ilihitaji kupimwa. Mwaka 1931 Tume ya Kimataifa ya Mwangaza, maarufu kwa herufi CIE, ilikubaliana juu ya namna ya kuieleza rangi kwa namba zinazotokana na jicho la mtu wa wastani. Mifumo mingi ya leo imejengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1963 Lawrence Herbert wa kampuni ya Pantone huko Marekani alitoa kitabu cha rangi ambamo kila rangi ina namba yake na maelezo ya jinsi ya kuchanganya wino wake. Mpiga chapa wa Kigali na wa Nairobi wakifungua kitabu hicho penye namba moja, wanatazama rangi moja. Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza kipimo cha pamoja cha rangi za skrini, nacho kikawa kanuni ya kimataifa mwaka 1999.

Mfano mzuri wa nchi iliyosumbuliwa na buluu ni Scotland. Bendera yake ni msalaba mweupe wa mshazari juu ya buluu, nayo ni miongoni mwa bendera za zamani sana barani Ulaya. Kwa karne nyingi hakuna aliyesema ni buluu ipi. Wengine walishona ya anga, wengine iliyokaribia weusi, na majengo mawili ya serikali yaliweza kupandisha bendera mbili tofauti siku moja. Mwezi Februari 2003 kamati ya Bunge la Scotland ilipendekeza Pantone namba 300. Kwenye skrini hiyo ni nyekundu 0, kijani 94, buluu 184. Tangu hapo fundi ana namba ya kushika, na mkaguzi ana kitu cha kukagulia.

KATIKA VIKOSI VYETU

Mambo yafuatayo hayahitaji fedha nyingi, na kila kikosi kinachochapisha kalenda, cheti, bango au beji kinaweza kuyatekeleza.

Kwanza, agizo la kazi liandikwe kwa namba. Neno "buluu" peke yake katika hati ya ununuzi ni sawa na kuagiza risasi bila kutaja kipenyo cha mtutu. Namba za rangi za bendera zichukuliwe kwenye maelezo rasmi ya mamlaka inayohusika, wala zisikisiwe kutoka kwenye picha iliyotumwa kwa simu, kwani picha hiyo imebanwa, imepunguzwa na kugeuzwa rangi mara nyingi kabla ya kufika.

Pili, kila njia ipewe namba zake. Skrini ina namba tatu, wino wa chapa una asilimia nne, kitambaa kina sampuli ya kiwandani. Atakayechukua namba za skrini na kuzipeleka kwa mpiga chapa bila kuzibadili kwa uangalifu amejitakia zambarau.

Tatu, kazi iidhinishwe kwa nakala ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ile ile itakayotumika.

Nne, kitambaa kikaguliwe chini ya mwanga wa aina mbili, jua na taa ya umeme. Zipo buluu mbili zinazolingana kabisa mchana na kuachana usiku, kwa sababu rangi zilizotumika kuzitengeneza hunyonya mwanga kwa namna tofauti. Mkuu wa stoo anayepokea bereti mia saa nne asubuhi azitazame tena chini ya taa kabla hajatia saini.

Tano, bendera iliyofifia iteremshwe na kubadilishwa. Nguo iliyopauka haisemi tena ilichotumwa kusema.

BULUU KATIKA KAZI YA ASKARI

Huenda msomaji akauliza kama haya ni mambo ya askari. Historia inajibu kwamba ndiyo. Polisi wa jiji la London walipoundwa mwaka 1829, walivikwa buluu iliyokolea kwa kusudi maalumu. Jeshi la Uingereza wakati huo lilivaa nyekundu, na wananchi waliogopa kuona jeshi likitembea mitaani mwao. Buluu iliwaambia kwamba huyu aliyepewa mamlaka ya kuwakamata wahalifu hakuja kupigana vita nao. Polisi wa mataifa mengi wamefuata rangi hiyo hadi leo.

Jeshini, afisa wa mizinga wa Prussia aitwaye Reisswitz aliwasilisha mwaka 1824 mchezo wa kufundishia vita juu ya ramani. Vikosi vya Prussia vilikuwa vya buluu kama sare zao, na adui akawa mwekundu. Desturi hiyo ilidumu. Hadi leo katika ramani za majeshi mengi duniani, buluu ni sisi na nyekundu ni adui. Afisa anayepokea ramani ya operesheni iliyochapwa vibaya, buluu yake ikaelekea zambarau na nyekundu yake pia ikaelekea zambarau, ameshika karatasi ya hatari.

Askari ajue pia tabia ya rangi gizani. Jua linapotua, nyekundu hutangulia kuwa nyeusi, ilhali buluu huendelea kuonekana. Na anayesoma ramani kwa tochi nyekundu ili asiharibu uwezo wa macho yake usiku atakuta mistari myekundu imetoweka, na mito ya buluu imekuwa myeusi. Wachapaji wa ramani za kijeshi hulazimika kuchagua wino kwa kuzingatia hilo.

KOFIA YA BULUU

Hakuna buluu inayojulikana zaidi kwa askari wa Rwanda kuliko ile ya Umoja wa Mataifa. Nayo ina historia ya kubadilika. Mwaka 1945, kwa mkutano wa San Francisco, wachoraji wa Marekani waliosimamiwa na Oliver Lundquist walichagua buluu kwa kuiona kuwa ni kinyume cha nyekundu, rangi ya vita. Buluu ile ya kwanza ilikuwa na ukijivu. Bendera yenyewe ilipokewa tarehe 20 Oktoba 1947, na baadaye buluu yake ikawa nyangavu zaidi. Kwa miaka mingi namba iliyotajwa kwa rangi hiyo ni Pantone 279, ambayo kwenye skrini ni nyekundu 65, kijani 143, buluu 222.

Kofia yenyewe ilizaliwa kwa shida ya vita. Mwaka 1956, kikosi cha kwanza cha dharura cha Umoja wa Mataifa kilipokwenda Misri wakati wa mgogoro wa Suez, palikuwa na hatari ya askari wake kudhaniwa kuwa wa majeshi yaliyokuwa yakipigana. Walihitaji alama inayoonekana kutoka mbali, na mlenga shabaha aione kabla ya kubonyeza. Bereti za buluu zingechukua wiki sita kutengenezwa. Kwa hiyo zilichukuliwa kofia za ndani za Kimarekani zilizokuwa nyingi katika Ulaya, zikapakwa buluu. Aliyesimulia habari hizo ni Brian Urquhart, aliyekuwa ofisa wa Umoja wa Mataifa wakati huo. Rangi ile iliwekwa kichwani ili iokoe kichwa.

Askari wetu waliwasili Darfur Agosti 2004, wakiwa miongoni mwa wa kwanza chini ya Umoja wa Afrika, na bereti zao zilikuwa za kijani. Tarehe 31 Desemba 2007 ujumbe ule ulikabidhi kazi kwa kikosi cha pamoja cha UNAMID, na bereti za kijani zikavuliwa, za buluu zikavaliwa. Askari walikuwa wale wale na jangwa lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mamlaka waliyoyatumikia, na rangi ikatangaza hivyo. Jambo kama hilo lilifanyika Jamhuri ya Afrika ya Kati tarehe 15 Septemba 2014, wakati MINUSCA ilipochukua kazi kutoka kwa ujumbe wa Afrika. Tena huko, kuanzia Desemba 2020, Rwanda ilipeleka kikosi kingine kwa makubaliano ya nchi mbili. Mnyarwanda mwenye kofia ya buluu na Mnyarwanda asiye nayo waliweza kuwa katika nchi moja, kila mmoja na amri zake. Raia wa Bangui hasomi hati za makubaliano. Husoma kofia.

NAMBA HAITOSHI

Hapa Rebero pana makaburi. Wamelala watu zaidi ya 14,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na pamoja nao wanasiasa waliopinga mpango huo wa mauaji. Kila tarehe 13 Aprili taifa hukusanyika hapa kuwakumbuka, na hapo wiki ya maombolezo hufungwa. Miongoni mwa wanasiasa hao ni Joseph Kavaruganda, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba, na Landoald Ndasingwa, aliyekuwa waziri. Ripoti ya uchunguzi huru iliyotolewa kwa agizo la Umoja wa Mataifa Desemba 1999 ilieleza kwamba hao walikuwa chini ya ulinzi wa askari wa UNAMIR, na kwamba ulinzi huo haukuwazuia wauaji.

Si mbali na hapa, huko huko Kicukiro, watu wapatao 2,000 walikimbilia shule ya ufundi ya ETO kwa kuwa walikuwapo askari wenye kofia za buluu. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wale waliondoka. Watu waliswagwa hadi kilima cha Nyanza na kuuawa. Wachache waliopona waliokolewa na wapiganaji wa RPA. Siku kumi baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi kibaki na watu 270.

Buluu ya kofia zile ilikuwa sahihi. Hakuna mkaguzi wa rangi ambaye angeikataa. Watu waliikimbilia kwa sababu waliitambua kutoka mbali, kama ilivyokusudiwa.

Katika jiji hili hili, mwezi ule ule, alikuwapo Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Hakuwa na silaha, alikuwa mwangalizi tu. Alipita vizuizi mara kwa mara akiwachukua watu wachache wachache ndani ya gari na kuwafikisha mahali pa salama, hadi alipouawa tarehe 31 Mei 1994. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani ya ushujaa yenye jina lake. Bereti yake ilikuwa ya buluu ile ile.

Kwa hiyo, ndugu askari, kazi ya rangi ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya karani, mpiga chapa, mshonaji na mkuu wa stoo: wahakikishe kwamba buluu iliyoagizwa ndiyo iliyotoka, ili raia asikosee kututambua. Nusu ya pili ni ya aliyevaa. Mwezi Mei 2015 nchi zinazochangia vikosi zilikutana Kigali na kutoa Kanuni za Kigali za kuwalinda raia, ambamo makamanda hutakiwa kuwa tayari kutumia nguvu pale raia wanapotishiwa kuuawa. Kanuni hizo ndizo zinazopaswa kwenda pamoja na kila kofia inayopakwa rangi.

Kabla ya safari ya operesheni, kila mkuu wa kikosi hukagua vifaa. Akague na rangi, kwa namba, chini ya jua na chini ya taa. Kisha awaambie askari wake kwa maneno ya wazi ni ahadi gani wanakwenda kuibeba kichwani, kwa sababu mahali watakapofika watu watakuwa wameiona kofia kabla ya kuwaona wao.